Nilivyowaongoza ng'ombe wa watu kupita handaki la treni juu ya Mlimba, handaki nisilolijua

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa zamu ya asubuhi na mliokesha.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi humu, jamaa anauliza kwa nini barabara zetu za milimani zinazunguka kama utumbo badala ya kutoboa mlima na kutokea upande wa pili kama nchi za wenzetu. Watu walibishana sana. Mimi nilisoma tu.

Sikuchangia kwa sababu handaki la barabara sijawahi kupita mpaka leo. Nililopita ni la reli, kwa miguu, nikiwa na ng'ombe thelathini na saba ambao hata mmoja hakuwa wangu.

Nimeona niandike. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki, na pale nilipofanya ujinga nitauacha kama ulivyo. Majina nimebadilisha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini.

Mimi ni mtoto wa Ifakara, Lipangalala. Shule niliacha darasa la tano. Sikufukuzwa, wala nyumbani hakukuwa na shida ya kunishinda. Nilichoka tu kukaa. Nikiona kitu sikijui nakifuata, nikishakijua nakiacha. Mpaka nafika miaka ishirini nilikuwa nimebeba mizigo stesheni, nimekaa na wavuvi Lupiro msimu mmoja, nimelinda ndege kwenye mpunga Mchombe, nimekata miwa, na kote huko sikumaliza mwaka.

Mwaka huo nilipanda treni na magunia mawili ya kambale wakavu kwenda kuuza Makambako. Samaki wakaisha siku ya pili. Baridi ya kule ikanishinda, nikawa natafuta namna ya kurudi bondeni.

Hapo ndipo nilipokutana na Masunga.

Masunga alikuwa Msukuma, mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayehesabu. Alikuwa ametoka Usangu kwa miguu na ng'ombe wake, yeye na mkewe Mbuke. Mtoto wao, Limi, walikuwa wamemtanguliza kwa treni na bibi yake. Kaka mkubwa wa Masunga alishahamia Mchombe na alikuwa amewatafutia mahali pa malisho.

Ng'ombe walikuwa wengi zaidi zamani. Ukame uliwamaliza. Hawa thelathini na saba ndio waliobaki, na kati yao sita walikuwa wa dada zake wawili, walioachiwa na marehemu baba yao. Masunga aliniambia hivyo siku ya kwanza, bila kulalamika. Kwa maneno mengine, wale ng'ombe wakipotea, familia tatu hazina kitu.

Aliniuliza, "Wewe ni wa kule bondeni?"

"Nimezaliwa Ifakara."

"Njia ya pembeni mwa reli unaijua?"

"Naijua kama nyumba yetu."

Wakuu, huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Reli niliijua nikiwa ndani ya behewa la daraja la tatu, nimelala juu ya gunia. Treni ikikaribia handaki watu wanafunga madirisha kuzuia moshi, giza linaingia, watoto wanalia, kisha mwanga unarudi. Hicho ndicho nilichokijua. Lakini nilitaka kwenda nao, na nilitaka kuona handaki kwa macho yangu. Tangu utotoni nilikuwa najiuliza ndani mle kuna nini.

Tukakubaliana. Mimi nionyeshe njia, wao wanilishe. Tukaondoka.

Kwa wasioijua sehemu ile: kati ya Makambako na Mlimba mlima unaanguka ghafla mpaka bondeni. Enzi hizo barabara ya gari haikuwepo, kulikuwa na reli tu. Reli inapita kwenye madaraja na mahandaki, inazama mlimani na kuibuka, inazama na kuibuka. Wenyeji wakitembea kwa miguu wanafuata reli, na wakifika kwenye handaki wana vijia vinavyopanda juu ya mlima na kushukia upande wa pili. Handaki refu wengine wanakatiza mle mle ndani, lakini kwanza wanawauliza mafundi wa reli. Karibu kila penye handaki kubwa kulikuwa na kambi ya genge, wale watu wa kukaza vyuma na kupanga kokoto, na wao ndio wanajua treni gani imepita na gani bado.

Kupitisha mifugo ndani kulikatazwa. Kila mtu alilijua hilo.

Siku tatu za mwanzo hazikuwa na tatizo. Mahandaki yalikuwa mafupi, vijia vya juu vilionekana, mimi nikitembea mbele na fimbo kama mwenye mji. Masunga akiniuliza, "Hapa kulia au kushoto?" naangalia nyayo za watu chini, kisha najibu kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo.

Siku ya nne jioni tukafika kwenye handaki refu kuliko yote tuliyoyaona.

Nilisimama mdomoni nikachungulia. Sikuona mwanga wa upande wa pili, kwa sababu lilikuwa limepinda. Ndani kulikuwa na hewa ya baridi yenye harufu ya mafuta na maji ya mwambani. Nikitia mkono nje hewa ni ya joto, nikiuingiza ndani ni kama nimeuweka kwenye mtungi wa maji. Baadaye mtu mmoja wa genge alinieleza kwamba handaki linapumua. Nje kukiwa na joto hewa inashuka na kutokea chini, nje kukipoa inageuka na kupanda. Sijui kama ni sahihi, waliosoma watanisahihisha.

Kijia cha juu ya mlima hakikuwepo. Mvua ilikuwa imeporomosha ubavu mzima, miti na udongo, palibaki ukuta mwekundu. Mtu angeweza kupanda kwa kushika mizizi. Ng'ombe hapana.

Kambi ya genge ilikuwa hatua chache kutoka mdomoni. Nyapara wao aliitwa Mzee Komba, Mngoni wa Songea, mfupi, goti moja bovu, mdomo hauna likizo.

Alipowaona tu akapiga kelele, "Watumwa wangu wamefika! Nani kawaruhusu kutoka bila barua?"

Masunga, yule mpole, akabadilika palepale. "Mtumwa ni wewe. Babu zako walikimbia kutoka Afrika Kusini mpaka wakaishiwa pumzi hapa. Umekaa kwenye shimo kama panya."

"Panya ndiyo mboga yangu, ningekukaribisha lakini wewe umezoea kula michembe ya viazi na kulala na ng'ombe."

Mngoni na Msukuma ni watani, wengi humu mnajua. Wanaruhusiwa kutukanana, kudanganyana, kunyang'anyana kitu, na hakuna mwenye haki ya kukasirika. Mmoja akifa, mwenzake ndiye anayefika msibani kufanya vituko na kusaidia kuzika. Mimi Mndamba nilikaa pembeni nikisikiliza.

Komba alianza kazi. Akaweka uso wa kiserikali kabisa, akasema, "Sasa utani pembeni. Kuna agizo jipya, kila ng'ombe anayepita reli anakatiwa tiketi. Ndama nusu."

Masunga akashtuka. Akaanza kuuliza tiketi zinakatwa wapi. Genge zima likaanguka kwa kicheko.

Baada ya chakula Komba akarudi tena. "Utani pembeni jamani, ndani mle kuna chui. Tumeripoti. Lakini anachagua, Wahehe hawali, anakula Wasukuma tu."

Safari hii hata Mbuke alicheka. Mbuke hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Usiku mvua ikanyesha. Tulilala kwenye banda lao la vifaa. Kwenye usingizi nilisikia mngurumo mrefu, ukaja, ukapotea. Nikajiambia ni treni. Inawezekana ilikuwa radi. Nilikuwa nusu macho, nikalala tena.

Asubuhi genge wakabeba sururu zao kwenda kuzibua mtaro uliojaa udongo, huko juu tulikotoka, nyuma ya kona. Komba akapita kwetu akichechemea na bendera zake kwapani.

Akasema, "Mtumwa wangu, utani pembeni. Usiingize ng'ombe mpaka nikwambie. Treni ya mizigo ya jana haijashuka bado. Imezuiwa na maporomoko huko juu, ikiachiwa itakuja saa yoyote."

Masunga akamjibu, "Na chui je, kishapata chai?"

Komba akacheka. Nakumbuka hilo vizuri, kwamba alicheka. Kisha akaondoka.

Sasa ng'ombe walikuwa na siku moja na nusu bila majani ya maana. Pale ni msitu na mawe tu. Watu wa genge walikuwa wametuambia kwamba ukitoka upande wa pili kuna bonde dogo lenye nyasi na kijito. Ng'ombe walikuwa wanalia. Ndama mmoja alishaanza kulala chini mchana, na Mbuke alikuwa amekaa naye amemshika kichwa.

Masunga akaniita pembeni. "Wewe unaijua reli hii. Huyu mtani ni kweli anayosema, au ni yale yale?"

Hapo, wakuu, nilikuwa na majibu mawili. Jibu la kweli lilikuwa "sijui". Neno moja.

Nikasema, "Anakutania. Treni ya mizigo imepita usiku, niliisikia. Mlio wake naujua."

Akanitazama kidogo. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Sikusema vile kwa ubaya. Siku nne nilikuwa mwenyeji wao, ningesema sijui ningekuwa nimekiri kwamba na mengine yote sikuyajua. Pia nilikuwa na hamu ya kuingia. Nayasema yote mawili kwa sababu sijui lipi lilizidi.

Tukawasha chemli. Mbuke akatangulia na dume la mbele, dume jeusi lenye kengele waliloliita Jembe. Wengine wakafuata mmoja mmoja au wawili wawili. Masunga alikaa nyuma kabisa na mimi nikawa katikati. Kambini hakukuwa na mtu.

Ndani ni kama hivi. Chini kuna mataruma yanayobeba reli na kokoto kubwa zinazochoma kwato, kwa hiyo ng'ombe wanatembea kama watu waliovua viatu. Kuta zinatoa maji. Sauti hazifi, ukikohoa kikohozi kinatangulia mbele na kurudi. Kengele ya Jembe ilisikika kama kengele kumi. Ukutani, kila baada ya hatua thelathini hivi, kuna shubaka, mahali palipochongwa ili mtu mmoja au wawili wajibane treni ikipita. Nilihesabu mashubaka kumi na moja, huku nikiingiza mkono kila moja kupima kina chake. Nilikuwa na furaha, siwezi kuficha.

Kwenye ile kona ya katikati, ambako nyuma huoni mwanga na mbele huoni mwanga, Jembe akasimama.

Mbuke akamvuta. Hakwenda. Masunga akapiga mluzi kutoka nyuma, ule mluzi wao ambao ng'ombe wanautii hata wakiwa mbali. Hakwenda. Ng'ombe wa nyuma wakaanza kurundikana, wakakaa njia nzima kati ya ukuta na ukuta.

Kwa kuwa tumesimama, mimi nikainama nikaweka sikio kwenye chuma cha reli. Sikufanya hivyo kwa hofu. Tukiwa watoto Ifakara tulikuwa tunafanya vile kama mchezo.

Chuma kilikuwa kinalia. Mlio mwembamba, wa juu, unaotetemeka, na haukuwa unakatika.

Nikainuka. Nikasema, "Treni."

Masunga akauliza kutoka gizani, "Ya wapi?"

"Nyuma yetu. Inashuka."

Halafu akasema, si kwa hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa, "Umesema imepita."

Nikarudi nyuma hatua nne nikaingia kwenye shubaka.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo huwa siwasimulii watu nikiwa nakunywa nao. Mashubaka yalikuwepo kwa Masunga pia, yalikuwepo kwa Mbuke. Hakuna aliyeingia zaidi yangu. Mle ndani hakuna shubaka la kumtosha ng'ombe, na wao waliijua hesabu hiyo bila kuambiwa.

Masunga akaita, "Mama Limi, ingia ukutani! Acha!"

Mbuke akajibu, "Nyamaza kwanza."

Kisha akapuliza chemli, ikazima.

Nilidhani amechanganyikiwa. Giza lilikuwa zito mpaka macho yanauma. Lakini ngoja. Baada ya muda mfupi, labda wa kuhesabu mpaka ishirini, niliona kwamba mbele si giza tupu. Kulikuwa na weupe hafifu kwenye ukuta wa upande wa nje wa kona, kama majivu. Ulikuwa mwanga wa mdomo wa chini. Ile taa ilikuwa inatutia upofu. Jembe alikuwa anaona mduara wa taa, maji yanameremeta ukutani, na baada ya hapo ukuta mweusi. Ng'ombe haendi kwenye ukuta. Taa ilipozimika akaona pa kwenda.

Kengele ikagonga. Mara moja, mara mbili, halafu ikafuatana. Ng'ombe wakaanza kusogea, kokoto zikalia, wakanipita pale nilipojibana, joto lao likinigusa usoni.

Lakini walikuwa thelathini na saba, wanatembea taratibu, na nusu ya handaki bado iko mbele.

Hapo ndipo niliposikia milipuko. Paa! Halafu paa! nyingine. Kwa mbali, nyuma, juu. Kisha mlio mrefu wa breki, chuma kwa chuma, ukaingia handakini na kujaa kote kama maji. Haukuisha haraka. Ulipoisha palibaki mlio wa injini iliyosimama, unanguruma bila kusogea.

Kilichotokea nilikijua baadaye. Mtu mmoja wa genge alirudi kambini kuchukua birika la chai, akaona mavi ya ng'ombe yanaelekea mdomoni mwa handaki na banda tupu. Akakimbia kumwambia Komba. Komba, na lile goti, akapanda reli mbio na bendera nyekundu na fataki. Fataki ni vidude vya baruti vinavyofungwa juu ya chuma. Gurudumu likikanyaga vinalipuka na dereva anajua asimame. Alifunga za kwanza, akawa anarudi chini kufunga za pili, treni ikamkuta akiwa amesimama katikati ya reli anapunga.

Treni ilisimama, ikabakiza umbali wa kama urefu wa behewa mbili kufika mdomoni.

Tulitoka upande wa pili wote. Masunga akahesabu. Akahesabu tena. Thelathini na saba. Ng'ombe wakaingia kwenye nyasi wakaanza kula kama vile hakuna kilichotokea. Masunga akakaa chini. Mbuke akaenda kijitoni akanawa uso.

Baada ya muda Komba akatokea kwenye mdomo wa handaki, anachechemea, amelowa jasho, na vijana wake wawili nyuma. Tulisimama.

Alimwangalia Masunga, akavuta pumzi. "Mtumwa wangu, kukuzika ni haki yangu, siwezi kuikataa. Lakini leo ningekuokota kwa koleo. Nina kazi nyingi."

Hakuna aliyecheka.

Masunga akasema, "Ulisema utani pembeni. Mara zote mbili ulizosema hivyo ulikuwa unatania. Na ya tatu ukacheka."

Komba akavua kofia, akajifuta, akaivaa tena. "Hapo umenishika. Hilo ni la kwangu." Halafu akauliza, "Na nani alikwambia mizigo imepita?"

Masunga alitazama ng'ombe wake.

Mbuke akasema, "Huyu hapa."

Komba akanigeukia. Akaniuliza, "Wewe kabila gani?"

"Mndamba."

"Basi mimi na wewe hatuna utani," akasema. "Chukua koleo."

Hapo ndipo nilipoelewa shida yake. Kusimamisha treni ni jambo la kuandikiwa maelezo. Akiandika ng'ombe, Masunga anakamatwa na mifugo inazuiliwa, na yeye Komba anaulizwa alikuwa wapi hata mifugo ikaingia kwenye handaki lake. Alikuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini. Kwa hiyo alikuwa amekwishamwambia dereva kwamba kuna mawe yameanguka ndani, genge linayatoa, asubiri. Sasa mawe yalitakiwa yawepo, na mavi ya ng'ombe yalitakiwa yasiwepo.

Wale vijana wawili na Masunga wakabeba mawe kutoka mlimani upande ule wa chini, wakaingia nayo na kuyarundika pembeni mwa reli kama yaliyoondolewa njiani. Mimi nilizoa mavi. Kutoka mdomo wa chini mpaka wa juu, kwa koleo na gunia, na ile chemli ya Mbuke. Ng'ombe thelathini na saba wenye hofu, wakuu, ninyi wenyewe fikirieni. Nilipokaribia mdomo wa juu nilizima taa nikafanya kazi kwa kupapasa, maana taa ya injini ilikuwa inaangaza karibu na pale na niliambiwa nisionekane.

Sikuwahi kutoka kwa wakati. Komba alipiga filimbi ya kuruhusu nikiwa bado ndani na gunia. Nikaingia kwenye shubaka, uso ukutani.

Siku zote nilitaka kujua treni ikipita ndani mle inakuwaje. Inakuwa hivi. Kwanza hewa inakusukuma, kabla hujaona kitu, kama mtu mnene anapita kwenye mlango mwembamba. Halafu joto. Halafu moshi, na hapo huwezi kuvuta pumzi, unaweka pua kwenye shati. Mlima wote unatetemeka mpaka meno. Behewa zilikuwa ishirini na tatu. Nilizihesabu kwa mlio wa magurudumu, kwa sababu nisingekuwa na kitu cha kuhesabu ningetoka mbio.

Nilipotoka nje upande wa chini, Komba akija nyuma yangu, nilitapika. Komba aliniangalia akasema, "Nenda kanywe maji," basi.

Masunga alimwita Komba kando, wakaongea. Sikusikia walichosema. Nilimwona Masunga ameshika mkono wa Komba kwa mikono yake yote miwili, anashukuru, "wabeja, wabeja," na Komba anaangalia pembeni.

Tukaendelea na safari. Sikufukuzwa. Nilitegemea nifukuzwe na ningeona ni haki.

Ila kuna kitu kilibadilika, na kilibadilika bila neno. Mahandaki bado yalikuwepo mbele. Kila tulipokaribia moja, Mbuke alimwachia mumewe fimbo, akaenda mwenyewe kambini, akapiga goti akaamkia shikamoo, akauliza, akarudi na jibu. Njia ikigawanyika, Masunga alisimama na kusubiri mtu wa kupita. Hata tukikaa nusu saa. Mimi nipo hapo hapo, na kwa kweli kuanzia Mlimba njia nilikuwa naijua, nimeitembea mara nyingi. Nilisema mara moja, "Hapa ni kushoto." Masunga akaitikia kwa heshima, "Sawa, shemeji." Akaendelea kusubiri mtu wa kupita.

Kwenye chakula nilipewa sawa na siku zote. Maziwa pia.

Mchombe tulifika mchana. Kaka yake Masunga akatoka mbio, watu wakajaa, yule mtoto Limi akarukia shingo ya mama yake. Ng'ombe wakahesabiwa mbele ya watu, na wale sita wa dada zake wakatengwa na kuonyeshwa.

Kaka mtu akauliza kwa furaha, "Mmepitaje milima ile na ng'ombe wote hawa? Nani kawaleta?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo.

Mbuke akasema, "Tumekuja wenyewe."

Hakuniangalia wakati anasema. Nadhani hakusema ili kuniumiza. Alikuwa anajibu swali.

Nilikula nao, nikaaga, nikapanda lori la mpunga kwenda Ifakara. Sikuwaona tena. Nilisikia miaka mingi baadaye kwamba Masunga ni mtu mkubwa sasa, ana ng'ombe wengi na trekta, na kuna ugomvi wa mashamba huko na wenyeji, ila huo ni uzi mwingine wa watu wengine.

Mimi niliendelea kuzurura. Nimefanya kazi kwenye malori, nimefika mipaka mingi, na kila dereva wa mbali ninayekutana naye namuuliza kama amepita handaki la barabara na likoje. Wananiambia kuna taa, kuna feni kubwa za kuvuta moshi, kuna simu ukutani. Mmoja aliniambia kuna mashubaka ya kuegesha gari zima. Hilo lilinifurahisha.

Nilichojifunza si kikubwa. Nilijifunza kusema "sijui". Mtu akiniuliza njia na siijui, nasema sijui, hata kama nimevaa kofia ya udereva na abiria wote wananitazama. Nimechekwa mara nyingi. Na nikitaka kumwonya mtu jambo la hatari, kwanza najiuliza nimekuwa nikimtania kwa muda gani, maana sauti ile ile haiwezi kufanya kazi zote mbili siku moja.

Karibuni wakuu. Waliowahi kutembea kwa miguu ndani ya handaki, la reli au la gari, waseme waliona nini, na je, ni kweli linapumua? Wangoni na Wasukuma mtukanane kistaarabu.

Na kama kuna mstaafu humu aliyekuwa akiendesha treni ya mizigo kushuka Mlimba miaka hiyo, akasimamishwa na mzee mmoja anayechechemea, akasubiri karibu saa nzima, akaambiwa ni mawe: mzee wangu, shikamoo. Hayakuwa mawe.